Kiswahili cha Buyenzi Katika Ukumbi wa Kigobe

Siku ile sikumpenda mtu hata mmoja ndani ya ule ukumbi, na wao hawakunipenda. Niliingia asubuhi nimevaa kitenge kipya na mtandio, na msichana aliyekuwa mlangoni akigawa vitambulisho vya wageni akaniuliza kwa Kirundi kama nilikuwa mmoja wa wapishi. Nikamwambia nimekuja kusema mbele ya watu. Akanitazama juu hadi chini, akatafuta kitambulisho changu, akanipa bila kunikaribisha.

Wakati huo nilikuwa nafundisha wasichana kupiga chapa na kutumia kompyuta katika shule ndogo ya Buyenzi, mtaa wa Bujumbura nilikozaliwa. Vita vilikuwa vya miaka mingi tayari. Tulikuwa tumezoea kufunga darasa mapema ili kila mtoto afike kwao kabla ya saa ya amri ya kutotoka nje. Kompyuta zetu zilikuwa kuukuu, za misaada, na programu zake zilikuwa za wizi, zimejaa virusi, na kila neno ndani yake lilikuwa la Kifaransa. Wasichana wangu wengi waliacha shule katikati. Walikuwa wakibonyeza bila kujua wanabonyeza nini, kitu kikipotea wanalia.

Aliyenionyesha njia nyingine alikuwa fundi wa kompyuta mwenye kibanda mjini karibu na soko. Alikuwa akikaa Kinama, kaskazini mwa mji, na mke wake na watoto. Nyumbani alisema Kirundi, kazini Kiswahili kama sisi wote. Siku moja alikuja kututengenezea mashine, akachomeka CD na kuniambia kwamba hii ni programu huria ya kuandikia. Aliyeitengeneza hakuficha maandishi yake ya ndani. Ukitaka unayasoma, ukitaka unayabadilisha, unampa jirani, na hakuna wa kukushitaki.

"Hata maneno ya kwenye kioo?" nikamuuliza.

"Hata hayo, madamu. Unaweka yako."

Basi tukaanza. Kila alasiri, wasichana wakishaondoka, alikuja shuleni tukatafsiri mpaka saa ya kukimbilia nyumbani. Tuligombana sana kwa maneno. Pale pa kuhifadhi kazi tuliandika Chunga, kwa sababu Buyenzi mtu akikuachia kitu chake anakwambia, "Unichungie." Pale pa kubatilisha tuliandika Acha. Tulijua kwamba huko pwani wana maneno mengine, lakini wasichana wangu hawakuwa wa pwani. Walipofungua programu ile mara ya kwanza, darasa lilijaa kelele, na yule mvivu kuliko wote akasoma menyu nzima kwa sauti.

Habari zikamfikia profesa mmoja wa chuo kikuu aliyekaa Mutanga Sud, mtaa wa wakubwa. Tulimjua. Kompyuta ya nyumbani kwake ilikuwa imekufa mara kadhaa, na kila mara ni yule fundi, mwenzangu, aliyeitwa kwenda kuifufua. Mke wa profesa alikuwa akimpa chakula mezani pamoja na watoto. Profesa alikuja shuleni, akatazama, akafurahi. Alikuwa anaandaa mkutano wa programu huria katika ukumbi mmoja wa Kigobe, karibu na majengo ya serikali, na wageni watatoka nchi za jirani na Ulaya. Akatualika sisi wawili tuseme. Sharti lake lilikuwa moja, tuseme kwa Kifaransa.

Alfajiri ya siku yetu milio ya risasi ilisikika upande wa kaskazini. Nikapiga simu ya mwenzangu, haikupatikana. Nikaondoka peke yangu.

Ukumbi ulikuwa na baridi ya mashine, maji ya chupa kwenye kila meza, na wanaume wengi wenye suti. Nilikaa mbele nikageuka kila mlango ulipofunguliwa. Mzungumzaji wa kwanza alikuwa Mzungu aliyesema kwa saa nzima kuhusu kuaminiana. Alisema programu hizi zimejengwa na watu wasiojuana, kila mmoja anaamini kazi ya mwenzake bila kumuuliza anatoka wapi. Watu wakapiga makofi. Mimi nilishindwa kupiga. Nje ya lango palikuwa na askari waliokuwa wamemuuliza kila mmoja wetu anatoka wapi.

Zamu yangu ilifika kabla ya chakula. Mwenzangu alikuwa bado hajafika. Nikamwambia profesa tusubiri, akasema ratiba haisubiri. Nikapanda.

Nilisema Kifaransa changu cha shule, polepole, nikaonyesha programu kwenye kitambaa cheupe ukutani. Neno Chunga lilipotokea, mgeni mmoja kutoka pwani akacheka. Nilijua kazi yake, kwao walikuwa wanatafsiri programu hiyohiyo. Hakungoja niombe maswali.

"Samahani, dada yangu," akasema kwa Kiswahili chake laini. "Chunga nini? Mbuzi?"

Wachache wakacheka naye. Nikamweleza jinsi sisi tunavyolitumia neno hilo. Akatikisa kichwa.

"Hicho si Kiswahili. Mkiandika hivyo kwenye kompyuta, mtawaharibu watoto. Sisi tumekwisha fanya kazi sanifu. Chukueni ya kwetu tu."

"Penye Acha yetu, ya kwenu ina neno ghairi," nikamwambia. "Buyenzi nzima nani anasema ghairi?"

"Basi mwafundishe."

Kabla sijamjibu, mtu mwenye suti ya kijivu akasimama katikati ya ukumbi. Alisema yeye ni wa serikali, bila kusema wa idara gani, na profesa akamwinamia kidogo alipotaja hilo. Aliuliza kwa nini sikufanya Kirundi. Nchi hii, alisema, ina bahati ya kuwa na lugha moja, na hata katika vita tunaelewana matusi. Watu wakacheka tena.

Swali lilikuwa la haki, nikataka kulijibu kwa haki. Nikasema nilianza na lugha ya darasa langu, na yeyote anayetaka Kirundi mlango uko wazi, programu haina mwenyewe, mimi na mwenzangu tutamsaidia hata kesho.

"Kiswahili ni lugha ya wezi wa sokoni," sauti ikasema kutoka nyuma. Sikuona ni nani. Hakuna aliyemkemea. Profesa, aliyekuwa mwenyekiti wa kikao, alikuwa anapanga karatasi zake ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Yule wa suti ya kijivu hakukaa. "Umesema mwenzako. Mwenzako ni nani?"

"Ni fundi wa kompyuta."

"Anakaa wapi?"

Nilisita, na kule kusita kulionekana. "Kinama."

Wengine wakageuka kunitazama vizuri. Kwa watu wa mle ndani, Kinama siku zile ilikuwa jina la upande wa waasi. Mtu wa huko alikuwa na kazi ya kueleza kwa nini yuko hai.

"Yaani," akasema yule bwana, "mtu wa Kinama anaweza kuingia ndani ya programu hiyo na kubadilisha anachotaka. Kisha nyinyi mnaiweka katika ofisi zetu."

"Hata wewe unaweza kuingia ukasoma alichobadilisha," nikasema. "Ndiyo maana ya kuwa huria."

"Mimi sina muda wa kusoma mambo yake."

Hapo ndipo mlango wa pembeni ulipofunguliwa. Nikafikiri ni yeye. Alikuwa askari mmoja wa langoni, bunduki begani. Akamwendea profesa jukwaani, akainama, lakini hakujua kunong'ona. Alisema kuna mtu langoni hana karangamuntu, yaani kitambulisho cha uraia, ametoka Kinama kwa miguu, ana mfuko wa vyuma na sahani za kompyuta, anasema amealikwa kusema hapa na kwamba profesa anamjua.

Profesa alimtazama askari, akamtazama yule wa suti ya kijivu. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona jasho juu ya mdomo wake ndani ya baridi ile.

"Simjui," akasema.

Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwangu.

"Unamjua," nikasema, na sauti ikatoka kila pembe ya ukumbi. "Ametengeneza kompyuta yako kwako nyumbani. Amekula mezani kwako."

"Madamu, maliza mada yako."

"Mwambie askari kwamba unamjua."

"Ukitoka jukwaani, muda wako umekwisha."

Niliweka kipaza sauti mezani kwa nguvu, kikapiga kelele mbaya, nikashuka. Hakuna aliyenifuata. Nilipopita karibu na mgeni wa pwani aliinua miguu yake nipite, akatazama pembeni.

Mwenzangu alikuwa ameketishwa chini kwenye changarawe, viatu vimevuliwa, miguu imejaa vumbi jekundu hadi magotini. Shati lake jeupe, lile alilonunua kwa siku hii, lilikuwa limechanika begani. Bisibisi zake na CD zetu zilikuwa zimemwagwa chini. Askari wa cheo alikuwa amesimama juu yake.

"Huyu mutu unamujua?" akaniuliza kwa Kiswahili.

"Namujua, shefu. Ni mwenzangu wa kazi. Tumeitwa wote wawili."

"Karangamuntu yake iko wapi?"

"Shefu, nimeshakwambia," mwenzangu akasema bila kuinua kichwa. "Bameichukua kwenye bariyeri ya njiani. Banasema nirudi kesho kuitafuta."

"Na hizi sahani ni za nini?"

"Ni programu," nikasema.

"Programu ya nini?"

"Ya kuandikia barua."

"Barua kwa nani?"

"Kwa mutu yeyote, shefu. Ni kompyuta. Unaandika unachotaka."

Hilo halikumfurahisha. Akaomba karangamuntu yangu, akasoma mahali nilipozaliwa. "Buyenzi. Wewe Muswahili."

"Ndiyo."

"Waswahili munajua kudanganya sana." Akaitia karangamuntu yangu mfukoni mwake. "Mukubwa wa ndani amesema hamujui. Wewe unasema unamujua. Mi nimuamini nani?"

Nikamwambia aniamini mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyetoka nje. Akacheka kwa pua, akaniambia nikae chini basi pamoja naye. Nikakaa. Changarawe ilikuwa ya moto.

"Kwako wako salama?" nikamuuliza mwenzangu kwa sauti ya chini.

"Nimebaacha chini ya kitanda. Risasi zilianza kabla ya jua." Akanigeukia. "Mada umeshasema?"

"Nusu."

"Batu bameipenda?"

Tukakaa hapo jua likitupiga, askari wakigeuza CD zetu kwenye mwanga kama wanaotafuta noti bandia. Moja ikaanguka, kiatu cha jeshi kikaikanyaga. Sijui kama ilikuwa kusudi.

Kisha ukumbi ukafunguliwa kwa chakula na watu wakatoka bustanini, kwenye meza zilizotandikwa. Wengi walituona wakachagua njia ya mbali. Aliyesimama alikuwa mama mmoja Mzungu wa shirika lililolipia mkutano. Akauliza kwa sauti kwa nini mzungumzaji wa asubuhi ameketi chini mbele ya bunduki. Profesa alikuwa nyuma yake. Nilimwona akimtazama yule mama, kisha sisi. Akaja mbio, mikono imefunguka, na uso wenye tabasamu.

"Aaa! Fundi wetu!" akasema. "Tumekutafuta tangu asubuhi! Shefu, huyu ni wetu, huyu ni wetu kabisa."

Akamshika mwenzangu bega, lile lenye shati lililochanika, akamwinua. Askari akatutazama sote watatu kwa zamu, akanirudishia karangamuntu yangu bila neno. Ningependa kusema kwamba nilimwambia profesa jambo. Sikumwambia.

"Karibuni chakula," akasema profesa.

Mwenzangu akaokota vyuma vyake, akavaa viatu, akaenda kula. Nilimfuata mpaka mezani nikiwa na hasira naye kuliko nilivyokuwa na askari.

"Utakula chakula chake?"

"Madamu, mi niko na njaa," akasema, na tayari alikuwa anajaza sahani. "Nimetembea kutoka kwetu nikipitia mashamba. Ukitaka kukasirika, kasirika. Uniache nikule kwanza."

Nilisimama pale kama mhudumu, nikimwangalia akila wali na samaki. Sikugusa hata maji.

Yule mama Mzungu ndiye aliyelazimisha tupewe nafasi mwisho wa siku. Nusu ya watu walikuwa wamekwisha ondoka, wakiogopa barabara. Nilipanda na mwenzangu. Nilichukua kipaza sauti nikaanza kwa Kiswahili, kile cha nyumbani.

Profesa akaniegemea. "Madamu, kwa Kifaransa."

"Apana," nikamwambia.

Akashuka jukwaani akaenda kukaa mstari wa mwisho. Nikawaambia waliobaki, "Asubuhi mumeniuliza mwenzangu ni wa wapi. Huyu hapa. Mumuulize mwenyewe." Mle ndani karibu wote walielewa, maana hakuna mtu wa Bujumbura asiyejua Kiswahili cha kununulia nyanya, lakini walinitazama kama mtu anayesema lugha ya mwezini. Nilitaka waone aibu. Niliitafuta katika nyuso zote, sikuipata.

Mwenzangu hakutafuta kitu kama hicho. Alikaa kwenye kompyuta, akafungua faili la maneno yetu, akaanza kuonyesha. Akahamia Kirundi, kwa heshima zote, akamgeukia yule bwana wa suti ya kijivu, aliyekuwa bado yupo. Akamuuliza, kama angekuwa ni yeye, hapa penye Acha angeweka neno gani la Kirundi.

Watu wakageuka kumtazama yule bwana. "Reka," akasema mwishowe.

Mwenzangu akaandika Reka, akafunga programu, akaifungua tena, na neno likawa ukutani, kubwa, mahali pake. Watu wawili watatu wakapiga makofi. Mgeni wa pwani alisogea viti vya mbele, akaanza kuuliza maswali ya kazi, kuhusu herufi na jinsi ya kurudisha maneno kwa waliotengeneza programu. Mwenzangu akamjibu kwa furaha. Nilichukia furaha ile. Mtu ametoka kuketishwa chini kama mwizi, na sasa anawafundisha.

Tulipokuwa tunafunga vitu, bwana wa suti ya kijivu alimwendea. Akamsifu kidogo. Kisha akamwomba jina lake kamili, jina la baba yake na kilima alikozaliwa, yaani kijiji chao. Mwenzangu akamtajia vyote. Nilitaka kumziba mdomo.

Usiku ule alilala kwa kaka yangu Buyenzi kwa kuwa njia ya Kinama ilifungwa. Mke wake na watoto walikuwa wazima, alipata habari asubuhi. Lakini haikupita muda wanaume wawili wakafika kibandani kwake wakauliza jinsi anavyopata CD kutoka nje, na nani anamtumia. Walirudi tena. Mara ya tatu walimkuta ameshafunga, amevuka mpaka kwenda Uvira na familia yake.

Sikuwahi kujua nani aliwatuma. Nilimfikiria yule wa serikali, nikamfikiria profesa, nikafikiria hata msichana wa mlangoni. Miezi ile nilikuwa naamka na orodha ya watu wa kuchukia na kulala nayo. Nilikutana na profesa mara moja mbele ya posta, akanyoosha mkono. Niliutazama mkono ule mpaka akauweka mfukoni. Aliniambia, "Ungekuwa mimi ungefanya nini, na yule bwana ameketi pale?" Nikamwambia ningesema namjua. Akasema ni rahisi kwangu kusema hivyo. Labda. Niliendelea na safari yangu.

Tafsiri iliendelea kwa shida. Nilifanya kazi peke yangu, nikamtumia mwenzangu faili kwa wafanyabiashara wanaovuka mpaka, naye akarudisha na masahihisho. Mgeni wa pwani aliniandikia barua pepe akisema amefikiri, na angependa baadhi ya maneno yetu yaingie katika kazi yao kama maneno ya upande wa maziwa makuu. Nilimjibu vibaya. Hakuandika tena, na kwa hilo darasa langu lilikosa msaada ambao lingeweza kuupata. Wasichana walitumia ile programu yetu nusunusu, yenye maneno ya Kifaransa yaliyobaki humu na mule, wakahitimu hivyohivyo.

Mwenzangu alirudi bunduki zilipopungua. Kibanda chake kilikuwa na mtu mwingine, akaanza upya mtaani Bwiza katika chumba kisicho na dirisha. Siku niliyokwenda kumsalimu nilimkuta amekonda, ndevu zina mvi. Profesa alikuwa anaandaa mkutano mwingine na alikuwa amemtumia mwaliko. Alitaka kwenda.

"Utakwenda tena kwa yule?" nikauliza.

"Nitakwenda. Kutakuwa na batu wanaotengeneza programu kabisa, madamu. Lini tena nitabaona?"

Nilimwambia kila kitu nilichofikiri juu ya profesa, juu ya ukumbi, juu ya samaki wake. Alisikiliza mpaka mwisho, kompyuta ya mtu imefunguliwa mbele yake. Kisha akanipa tochi, akaniomba nimmulikie ndani aone waya uliokatika. Nikammulikia.